Mtoto Asinyimwe Alama kwa Sababu ya Ufutio

Siku za karibuni tuliletewa ofisini kwetu daftari la mtoto wa darasa la sita. Aliyelileta ni baba yake, mvuvi, ambaye kwa maneno yake mwenyewe Kiingereza hakijui, lakini hesabu ya alama anaijua barabara, na alitaka aelezwe kwa nini mwanawe amepoteza alama mbili. Katika ukurasa aliotuonesha palichorwa vitu vitano vya darasani, na wanafunzi walitakiwa waandike majina ya vitu hivyo kwa Kiingereza. Chini ya picha ya ufutio mtoto aliandika "eraser". Mwalimu akatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, na juu yake akaandika "rubber". Chini ya picha ya kile kifaa cha kufutia ubao mtoto akaandika tena "eraser". Hapo pia palitiwa wino mwekundu, na neno lililoandikwa badala yake ni "duster".

Tulimwambia mzee yule, bila ya kusita, kwamba mwanawe hakukosa. Wala mwalimu hakukosa kwa kuyafundisha maneno "rubber" na "duster", kwani ndiyo maneno aliyofundishwa yeye, na ndiyo yaliyofundishwa visiwani humu tangu skuli za serikali zilipoanza. Lililotokea ni kwamba mwalimu amesoma Kiingereza cha Uingereza, na mtoto, kama tulivyokuja kufahamu baadaye, alikuwa akisoma nyumbani kitabu cha hadithi kilichotoka katika kasha la vitabu vya msaada, nacho kilipigwa chapa Marekani. Kila mmoja wao ana shahidi wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wote wawili kwamba Kiingereza, kama lugha nyingine yoyote iliyovuka bahari, hakina jina moja kwa kila kitu.

Jambo hili huenda likaonekana dogo mbele ya matatizo ya madawati na vyumba vya kusomea. Kwa maoni yetu si dogo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na katika skuli za sekondari Kiingereza ndiyo lugha ya masomo karibu yote. Kwa hiyo mtoto wa Kisiwa hapimwi Kiingereza katika somo la Kiingereza peke yake. Anapimwa nacho katika kila karatasi ya mtihani anayoshika. Ikiwa ataanza safari hiyo kwa kuambiwa kwamba neno sahihi ni kosa, tusishangae baadaye tukimwona anaogopa kunyanyua mkono.

Tukianza na hilo neno "rubber", lina kisa kinachostahili kusimuliwa. Zamani, kabla ya utomvu wa mpira kufahamika vizuri Ulaya, waliotaka kufuta mstari wa penseli walitumia kipande cha mkate. Mwaka 1770 mwanachuoni wa Kiingereza, Joseph Priestley, aliandika katika dibaji ya kitabu chake kuhusu uchoraji kwamba ameona kitu kinachofaa sana kwa kufutia alama za penseli juu ya karatasi, na kwamba fundi mmoja wa vyombo vya kitaalamu wa mjini London, Edward Nairne, anakiuza kwa shilingi tatu kwa kipande chenye upana wa nusu inchi tu. Kitu chenyewe kilikuwa ni utomvu mkavu wa mpira. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusugua, na kusugua kwa Kiingereza ni "rub", kikaitwa "rubber", yaani kisuguo. Basi kazi ya kufuta ndiyo iliyoupa utomvu ule jina lake. Leo Waingereza hulitumia neno hilo kwa magurudumu ya magari na soli za viatu, na wengi wao hawakumbuki kwamba lilianzia kwenye meza ya mwandishi.

Waswahili tulipita njia nyingine. Utomvu tuliuita mpira, na kutokana na huo tukapata mpira wa kuchezwa na mpira wa kupitishia maji, lakini kifaa cha darasani tukakiita ufutio, kwa jina la kazi yake. Neno la Kiingereza nalo likaja, likawa raba, likajitafutia makazi mengine. Mwendee mwenye duka pale Darajani umwambie kwamba unataka raba, na huenda akakuuliza unavaa namba ngapi.

Wamarekani walilichukua neno "eraser", ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukwangua, na wakalitumia kwa kila kifutacho, kiwe cha karatasi au cha ubao. Kwa hiyo mtoto wetu aliyeandika neno moja kwa picha mbili hakubahatisha. Aliandika kama atakavyoandika mtoto yeyote wa Chicago. Tena penseli ya Kimarekani aghalabu huwa na ufutio wake mkiani. Mtu mmoja aitwaye Hymen Lipman alipewa hati ya kumiliki ubunifu huo mwaka 1858, lakini mwaka 1875 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana, kila kimoja kikaendelea kufanya kazi yake ileile, hakufanyi kiwe kitu kipya. Hati ikabatilika.

Ipo sababu nyingine ya Wamarekani kuliepuka neno "rubber", nayo tutaitaja kwa adabu. Katika mazungumzo ya watu wazima wa huko, neno hilo ni jina la kitu kingine kabisa, cha mpira vilevile, ambacho hupatikana katika maduka ya dawa na katika kliniki za uzazi wa majira. Mwanafunzi wetu atakayepata bahati ya kwenda kusoma huko, kisha darasani akamgeukia jirani yake na kumwazima "rubber", atachekwa na asijue kwa nini. Skuli gani imewahi kumtahadharisha? Na asidhani kwamba mitego ya namna hiyo ipo upande mmoja tu. Huko Australia palikuwa na utepe wa gundi uliouzwa kwa jina la Durex, na watu wakauita hivyo kwa miaka mingi, ilhali Uingereza jina hilohilo ni la kile kitu cha kliniki tulichokwisha kukitaja.

Utepe huo wenyewe ni mfano mzuri wa namna majina ya bidhaa yanavyogeuka kuwa majina ya vitu. Marekani utepe wa gundi unaopenya nuru ulibuniwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M mwaka 1930, ukauzwa kwa jina la Scotch, na mpaka leo watu wengi wa huko huuita hivyo hata ukiwa umetengenezwa na kampuni nyingine. Uingereza kampuni tofauti ilianza kuuza wake mwaka 1937 kwa jina la Sellotape, na hilo ndilo lililotufikia sisi. Kalamu za rangi zenye ncha laini huitwa "texta" Australia na "koki" Afrika Kusini, kila moja kwa jina la bidhaa iliyotangulia kuingia madukani. Wino mweupe wa kufunikia makosa ni Tipp-Ex kwa Mwingereza, ni Wite-Out au Liquid Paper kwa Mmarekani, na Nyuzilandi ni "twink".

Kalamu ya kidonge tunaiandika kwa mapenzi zaidi kidogo, kwa kuwa aliyeibuni alikuwa mwenzetu katika kazi hii ya magazeti. László Bíró alikuwa mwandishi wa habari wa Hungaria. Aliona kwamba wino wa mitambo ya kupigia chapa hukauka upesi na hauchafui karatasi, akawaza namna ya kuutia katika kalamu, na akasajili ubunifu wake Uingereza mwaka 1938. Baadaye alihamia Argentina, na huko akasajili tena mwaka 1943. Waingereza wakaiita kalamu hiyo kwa jina lake, "biro". Waargentina wakaiita "birome", kwa kuunganisha jina lake na la rafiki na mshirika wake, Meyne. Mmarekani wa kawaida hamjui Biro ni nani. Yeye husema "ballpoint", na Mfilipino aliyejifunza Kiingereza chake kwa Mmarekani akalikata neno hilo katikati, akasema "ballpen". Huku kwetu mwalimu wa zamani husema "biro", kijana husema peni, na wote wawili hupewa kalamu ileile dukani.

Daftari nalo lina ukoo mkubwa. Mwingereza huliita "exercise book", na ndivyo tulivyofundishwa. Mskoti, ambaye ni jirani yake wa mlango kwa mlango, huliita "jotter". Muayalandi huliita "copy" au "copybook", na neno hilohilo "copy" hutumika katika sehemu kubwa ya kaskazini ya India na katika Pakistan. Mmarekani huliita "notebook". Katika majimbo ya pwani ya mashariki ya Kanada liliitwa "scribbler", kama kwamba mtoto hakutarajiwa kuandika ndani yake lolote ila kuchorachora. Kichongeo ambacho sisi tumefundishwa kukiita "sharpener", watoto wa Ayalandi hukiita "parer" au "topper". Rula huitwa "scale" na Wahindi wengi, na mtoto wetu akilisikia neno hilo atageuka kutafuta mizani. Mkoba wa skuli katika jimbo la Queensland huko Australia uliitwa "port", neno ambalo kwa mtu wa kisiwani lina maana moja tu, nayo ni ile ya bandari yenye meli ndani yake.

Lakini kisa kilichotufurahisha kupita vyote ni cha manila. Kila mwalimu wa visiwa hivi anaijua karatasi hii ngumu, ambayo hukatiwa maumbo ya hisabati, huchorewa ramani, na hutundikwa ukutani mpaka ikageuka rangi kwa unyevu wa masika. Jina hilo ni la mji mkuu wa Ufilipino, kwa sababu hapo zamani karatasi za namna hiyo zilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa abaka, zilizojulikana katika biashara kama katani ya Manila. Sasa mwende huyo mwalimu mpaka Manila kwenyewe, aingie dukani aombe "manila" ya kuchorea. Muuzaji atamtazama. Watu wa huko karatasi hiyo huiita "cartolina", neno waliloachiwa na Wahispania waliowatawala kabla ya Wamarekani. Mkanada naye huiita kwa jina la mji wa Uingereza, "Bristol board".

Tumeyaeleza haya kwa urefu ili wakuu wanaohusika wapate kuona kwamba hatuzungumzii mgomvi mmoja na mpinzani wake, Uingereza na Marekani. Kiingereza cha darasani kina wenyeji wengi, na kila wenyeji wana majina yao, na majina hayo yote yamo katika vitabu vilivyopigwa chapa, vinavyosomwa na watoto wa nchi hizo, na ambavyo vingine hutufikia katika makasha. Siku hizi tena mtoto hahitaji kungoja kasha. Simu ya kaka yake inamletea Kiingereza cha Nairobi, cha Mumbai, cha Lagos na cha California katika jioni moja.

Watakuwepo watakaosema kwamba mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kuyabeba majina yote hayo, na kwamba lazima awe na kipimo kimoja. Hoja hii tunaiheshimu. Wapo walimu wastaafu, wengine ni walimu wetu sisi wenyewe, wanaoamini kwa dhati kwamba mwanafunzi akiachiwa mlango wazi ataandika "colour" katika mstari wa kwanza na "color" katika mstari wa pili, na mwisho hatajua aandikeje. Tahajia ya pili, tukumbuke, haikuzuka kwa uvivu. Noah Webster aliyeitia katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1828 alikusudia kabisa kwamba taifa lake liandike kwa namna yake. Ni kweli pia kwamba mitihani yetu imejengwa juu ya Kiingereza cha Uingereza, na hatuoni sababu ya kuubomoa msingi huo. Mwalimu na aendelee kufundisha "rubber", "duster" na "exercise book". Tunachokipinga ni wino mwekundu. Kufundisha neno moja ni jambo moja, na kulihukumu neno la pili kuwa ni kosa ni jambo jingine.

Nasi Waswahili ndio watu wa mwisho tunaopaswa kutatizwa na jambo hili. Sisi husema skuli, kwa kuwa tulilipata neno hilo kutoka kwa Mwingereza aliyeifanya Zanzibar kuwa nchi lindwa mwaka 1890. Ndugu zetu wa Tanzania Bara husema shule, neno waliloachiwa na Mjerumani aliyewatawala mpaka Vita Vikuu vya Kwanza. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 kuusimamia, lakini hata hivyo skuli haikuifuta shule wala shule haikuifuta skuli. Hatutaki kuamini kwamba yupo msahihishaji atakayemkata mtoto wa Micheweni alama kwa kuandika skuli. Kwa nini basi tuwe wakali zaidi juu ya lugha ya watu kuliko tulivyo juu ya lugha yetu?

Tuangalie na penseli. Katika karne ya 16 palivumbuliwa katika bonde la Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, madini meusi yanayoacha alama, na watu wakadhani kwamba ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia wa Kiswidi, Carl Wilhelm Scheele, alionesha kwamba madini yale ni kaboni, ndugu wa makaa, wala hayana risasi hata chembe. Lakini jina lilikwisha kukaa, na Waingereza wanasema "lead pencil" mpaka leo. Sisi tukafuata, tukasema kalamu ya risasi. Hatujapata kusikia mwalimu hata mmoja aliyemnyima mtoto alama kwa kuandika kalamu ya risasi, ilhali risasi hamna. Na neno lenyewe kalamu tulilipata kwa Waarabu, ambao nao walilipata kwa Wayunani, na kwa Wayunani lilikuwa na maana ya tete. Dawati asili yake ni kidau cha wino katika Kiarabu, sasa ni meza ya kusomea. Majina husafiri, na yakisafiri hubadilika.

Tunaloliomba kwa Wizara, kwa Taasisi ya Elimu Zanzibar na kwa Baraza la Mitihani la Zanzibar halihitaji fungu la fedha wala mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Kwanza itolewe kauli moja kwa wasahihishaji, ya maandishi, kwamba jina la kitu linalotumika katika Kiingereza cha nchi yoyote iliyo maarufu kwa lugha hiyo likubaliwe, maadamu mtoto ameelewa kinachoulizwa na ameliandika neno lake kwa tahajia yake. Maswali ya picha, ambayo ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko yote, yatungwe kwa vitu visivyo na majina yanayogongana, au sivyo orodha ya majibu yanayokubalika iwe pana. Katika kitabu cha kiongozi cha mwalimu utiwe ukurasa mmoja tu, wenye majina mawili matatu ya kila kifaa cha darasani na nchi yanakotumika, pamoja na ile tahadhari juu ya neno "rubber", ambayo inaweza kuandikwa kwa heshima kama tulivyojaribu sisi.

Juu ya vitabu vya msaada tuna neno la ziada. Tunavipokea kwa shukrani, na watoto wetu wanavihitaji. Lakini vinapofika bandarini huhesabiwa kwa makasha na kwa uzito, na hapana anayeandika kwenye jalada kwamba hiki ni cha Marekani, hiki cha Uingereza, hiki cha India. Muhuri mdogo wa jina la nchi ungetosha. Mtoto akiuona, na mwalimu akiuona, wangejua tangu mwanzo neno limetoka wapi, na lile daftari lisingefika mezani petu.

Tulimuuliza mzee yule kama amekwenda kuzungumza na mwalimu mwenyewe. Alisema hakwenda, kwa sababu hakuwa na hakika nani ana haki, na hakutaka kumvunjia mwalimu heshima mbele ya mtoto. Tumeona kwamba hapo alifanya vyema. Atarudi kulichukua daftari Ijumaa baada ya sala. Tumemwandikia maneno yote mawili katika karatasi mbali, na majina ya nchi pembeni yake, ampelekee mwalimu kwa mkono wake. Ndani ya daftari hatukuandika kitu. Zile alama mbili mwenye kuzirejesha ni mwalimu.